Kura Ilimwangukia Mama Mkwe

Mimi sijui kutulia. Hata nikikaa, mguu mmoja unatikisika na kidole kinagonga meza mpaka mtu aseme basi. Wenzangu kazini wananiita Pilipili, na wanadhani ni utani. Msimamizi wetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Bi Kanuni, aliwahi kuniambia kwamba mhojaji asiyetulia hana tofauti na muuguzi anayeogopa damu. Nikamjibu kwamba wauguzi wa namna hiyo wapo na mshahara wanapokea. Hakucheka.

Kazi yetu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza wanawake jinsi wanavyotendewa na waume au wapenzi wao: nani anapigwa, nani anatishwa, nani anakatazwa kutoka. Utafiti wa aina hiyo unafanywa katika nchi nyingi, maswali yakiwa karibu yaleyale, ili ukubwa wa jambo ujulikane na wenye uwezo wa kulizuia wakose pa kujificha. Mlangoni lakini hatusemi hivyo. Mlangoni tunasema ni utafiti wa afya ya wanawake, na si uongo, maana hakuna afya kwenye ubavu uliovunjika. Mume akijua kinachoulizwa, sisi tutaondoka na tableti zetu za kuandikia majibu, mkewe ndiye atakayebaki kujieleza.

Kanuni zetu ni nyingi, ila mbili ndizo zilizonitesa. Ya kwanza, kila nyumba anahojiwa mwanamke mmoja tu. Wakiwa zaidi ya mmoja, tableti inapiga kura, na aliyeangukiwa ndiye huyo huyo, hakuna kubadilisha. Ya pili, mtu yeyote akiingia katikati ya mazungumzo, unaruka hapo hapo kwenye maswali ya bandia na kuyasoma kana kwamba ndiyo uliyoanza nayo. Maswali yangu ya bandia yalihusu tumbo na choo. Niliyachagua mwenyewe, kwa kuwa sijaona mwanamume anayevumilia kusikiliza habari za choo cha mama yake.

Nyumba ninayoisema ilikuwa na karakana mbele na vyumba nyuma. Fundi wa friji alikuwa amezipanga friji mbovu mpaka ukingo wa barabara, milango wazi, nyaya zinaning'inia. Upande wa pili wa ukuta alikuwepo kinyozi. Ndani waliishi wanawake wawili: mama yake fundi, mjane aliyestaafu kazi ya udobi hospitalini, na mke wa fundi. Nyumba ilikuwa ya mama. Hilo alinieleza kabla sijavua viatu.

Mke wa fundi aliniletea maji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameubana kifuani ndani ya blauzi ya mikono mirefu, siku ambayo mimi nilikuwa natamani kuingia kwenye mojawapo ya zile friji na kufunga mlango. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikaingiza umri wao wote wawili kwenye tableti, nikabonyeza, huku moyoni naomba imwangukie yeye.

Ikamwangukia mama mkwe.

"Na mimi?" akauliza mke wa fundi.

"Samahani, dada. Kila nyumba tunaongea na mtu mmoja."

"Si mmesema ni afya ya wanawake?"

"Ndiyo, lakini anayechagua ni mashine."

"Mashine," akasema, akachukua bilauri yangu hata sijamaliza kunywa, akaondoka nayo.

Nilipandwa na hasira, na nawaambia wazi, nilimkasirikia yule mama. Mtu mwenyewe mjane, mumewe kashazikwa zamani, ataniambia nini? Nilimfuata chumbani kwake kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Kilikuwa chumba cha mtu aliyefua maisha yake yote. Mashuka yamekunjwa pembe kwa pembe, mapazia meupe, harufu ya sabuni. Kando ya kitanda palikuwa na redio kubwa yenye kitufe cha sauti kilichochakaa mpaka namba zake zimefutika. Aliiwasha kwa sauti ya chini. Nikafurahi, maana redio inafunika maneno. Nikamweleza kuhusu siri, kuhusu haki yake ya kukataa swali, na kuhusu mtego wetu wa maswali ya choo endapo mtu ataingia. Akaguna tu.

"Marehemu alikuwa mtu mzuri," akasema kabla sijauliza lolote. "Muulize yeyote."

Mhojaji mgeni angeuliza, "Aliwahi kukufanyia ukatili?" Angejibiwa hapana, angeshukuru, angeenda zake. Maswali yetu hayaulizi hivyo. Hayataji ukatili wala unyanyasaji. Yanataja mkono, yanataja mguu.

"Je, aliwahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu ambacho kingeweza kukuumiza?"

"Kofi?" Akafikiri. "Kofi, ndiyo. Lakini si kila siku."

"Aliwahi kukusukuma, au kukuvuta nywele?"

"Ndiyo."

"Kukupiga ngumi, au kukupiga kwa kitu kingine?"

Akanitazama kwa ukali. "Wewe umeambiwa na nani?"

"Sijaambiwa na mtu, Mama. Wanawake wa nchi nyingi wanaulizwa maswali haya."

"Haya haya?"

"Haya haya."

Akalainisha shuka ambalo halikuwa na kunjo hata moja. "Mimi nilidhani ni mambo ya nyumba hii tu," akasema. "Kumbe watu wanayajua mpaka wameyapanga kwa mstari."

Nikauliza kama kuna mtu yeyote aliyejua wakati ule.

"Mama mkwe wangu. Tulikaa naye humu humu. Ikianza tu, anainuka kwenda kuosha sufuria."

"Zilikuwa chafu?"

"Safi! Anaziosha tena, anazigonganisha, majirani wasisikie. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, mwanangu. Na hakuwahi kuniuliza hata siku moja, umeumia wapi."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa fundi, bisibisi mkononi, anatabasamu kama mtu aliyekuja kusaidia.

"Na choo chako, Mama," nikasema bila kuvuta pumzi, "kwa kawaida huwa kigumu au laini?"

Mama alinitazama. Nikaogopa kwamba amesahau. Halafu akajinyoosha mgongo.

"Inategemea siku," akasema. "Juzi kilikuwa kokoto tupu."

"Endeleeni, endeleeni," akasema fundi, akaketi kwenye sanduku. "Na mimi nipate elimu."

"Kina rangi gani?" nikauliza.

"Ah, hapo sasa. Mwanangu, wewe ndiye uliyeleta yale maharage mabovu, sogea usikie vizuri. Rangi ilianza kama ya kutu, halafu jioni yake..."

"Mama, jamani!" Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Kidogo nicheke, na mama naye midomo ilimcheza. Kwa muda mfupi tulikuwa wanawake wawili waliomshinda mtu akili.

Kisha tukasikia sauti ya fundi kule mbele, akimuuliza mkewe bisibisi ndogo iko wapi. Aliuliza polepole. Mke akajibu kitu ambacho hatukukisikia. Bati la friji likalia, mlio wa kugongwa na mwili.

Mkono wa mama ukaenda kwenye redio na kuongeza sauti.

Hakuutazama. Mkono wenyewe ulikuwa unaijua njia. Mtangazaji wa mpira akajaza chumba kizima, fulani kampa fulani, fulani kapiga nje, na mama bado ananiangalia mimi akisubiri swali. Alipoona ninapotazama, ndipo na yeye akatazama. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu.

"Uje kesho," akasema. "Leo nimechoka."

Nilitoka na kadi mfukoni. Mwishoni mwa mahojiano tunatoa kadi ndogo yenye ushauri wa kuchemsha maji ya kunywa. Ukiikunjua, ndani kuna namba za mshauri wetu na za nyumba ya hifadhi. Mke wa fundi alikuwa uani, analoweka foronya kwenye maji baridi. Damu haitaki maji ya moto, nadhani mama mkwe ndiye aliyemfundisha. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta grisi vidole kimoja kimoja, ananisindikiza kwa macho. Nikaaga, nikapita.

Njiani nilitembea kama ninayefukuzwa. Nilifika ofisini nikakataa kiti.

"Futa ile nyumba," nikamwambia Bi Kanuni. "Nipige kura upya."

"Kwa nini?"

"Imemwangukia asiyehusika. Anayepigwa ni mwingine. Na anataka kusema!"

"Pilipili, kura inayorudiwa mpaka apatikane unayemtaka si kura. Ni uchaguzi wa wizi."

"Basi niongee naye pembeni."

Akavua miwani. "Wakiulizwa wawili nyumba moja, kila mmoja anajua mwenzake ameulizwa nini. Mmoja akiteleza ulimi, mume anajua. Nilikuwa na mwenzangu, kama wewe hivi, hasira mbele. Alimuuliza wa pili. Aliporudi wiki iliyofuata, aliambiwa yule mwanamke yuko hospitali. Wewe utaenda nyumba nyingine, yule dada atabaki na yule bwana. Umeelewa?"

Nilielewa, na kuelewa kulinizidishia hasira.

"Na hesabu?" nikasema. "Mama mkwe ni mjane. Swali la miezi kumi na miwili iliyopita atajibu hapana. Nyumba ile itaandikwa safi."

"Ndiyo."

"Huo si uongo?"

"Nyumba nyingine kura itamwangukia mke kijana, na mama mkwe wake ndiye hatahesabiwa. Zikiwa maelfu, zinasawazika. Hesabu inatuambia moto ni mkubwa kiasi gani, Pilipili. Haizimi moto wa nyumba moja."

"Na nani atauzima?"

Bi Kanuni alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, akasema nikamalize mahojiano, na kwamba mshauri atakaa karibu na simu. Nililala kama niliyelalia kokoto.

Kesho yake mchana nilimkuta fundi ana mteja, mwanamke aliyeleta friji ya duka lake la vinywaji. Alinikaribisha kwa sauti kubwa: "Mtaalamu wa choo, pita!" Mteja akacheka. Mke wa fundi alikuwa anashikilia taa ndani ya friji ili mumewe aone, kwa mkono wa kushoto. Hakunitazama.

Mama alikuwa amekaa palepale kitandani, redio tayari inaongea chini chini.

"Nimeyarudia usiku kucha maswali yako," akasema. "Kofi, kusukuma, nywele, ngumi. Halafu unauliza mara moja, mara chache, au mara nyingi."

"Ndiyo, Mama. Una kichwa chepesi."

"Sina. Ni kwamba nilikuwa nayajua." Akasogea karibu. "Mtu akiongeza sauti ya redio, hilo mna swali lake?"

"Hatuna, Mama."

"Mngeweka."

Niliendelea na yaliyobaki, naye akajibu yote, haraka, kama mtu anayetaka kuvuka. Miezi kumi na miwili iliyopita: hapana, hapana, hapana. Kila hapana niliyobonyeza ilinichoma kidole. Nikafika swali la mwisho, lile la kumuuliza mtu anajisikiaje baada ya kuongea. Kabla sijalimaliza kulisoma, kule mbele taa ilianguka ikapasuka.

"Huna mikono?" Sauti ya fundi. Kisha kofi. Lilisikika vizuri kabisa.

Nilisimama. "Kaa," akasema mama, na sijui kwa nini, nilikaa, na mguu wangu ukatulia.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye redio. Nikaona vidole vinakishika kile kitufe kilichochakaa. Nikasema moyoni, basi, anaongeza. Alikizungusha upande mwingine mpaka kikalia *tak*, na redio ikazimika.

Sikuwahi kusikia nyumba ikiwa kimya namna ile. Kila kitu kikaingia: fundi akihema, yule dada akilia kwa kujizuia, vipande vya taa chini ya kiatu. Upande wa pili wa ukuta, mashine ya kinyozi ilikuwa inaunguruma, nayo ikazimwa. Mteja wa friji akasema, "We fundi!"

Mama alitafuta kandambili zake, akavaa, akatoka. Nilimfuata, kadi mfukoni, jasho mgongoni. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilijua alichonacho kichwani, na nilijua ni mimi niliyekiweka.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya friji zake. Mkewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya mojawapo, mlango wake ukimkinga nusu. Kinyozi alikuwa barabarani na wembe mkononi, na mteja wake nyuma yake, nusu kichwa kimenyolewa, kitambaa bado shingoni. Siku nyingine ningecheka.

"Mama, rudi ndani," akasema fundi. "Ni ajali tu."

"Nina maswali," akasema mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kuulizia bei ya sabuni. "Umewahi kumpiga mke wako kofi, au kumrushia kitu ambacho kingeweza kumuumiza?"

"Mama!"

"Ndiyo au hapana?"

Fundi akatazama barabarani, akatazama kinyozi. Akajaribu kucheka. "Jamani, mama yangu mzee sasa..."

"Ndiyo," ikasema sauti nyuma ya friji.

Mama hakugeuka. "Umewahi kumsukuma, au kumvuta nywele?"

"Ndiyo," akasema mke wa fundi.

"Kumpiga ngumi, au kwa kitu kingine?"

"Ndiyo."

"Mara moja, mara chache, au mara nyingi?"

Mke wa fundi alisimama ndipo akajibu. Alikuwa ameshika mlango wa friji kwa mkono wa kushoto, na shavu limeanza kuvimba. "Mara nyingi, Mama. Na wewe ulikuwa unasikia."

Hapo sauti ya mama ilikatika. Nilidhani amemaliza. "Nilikuwa nasikia," akasema. "Nilikuwa nasikia kila siku." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nyumba ni yangu. Chukua vyombo vyako vya kazi uondoke. Friji watakuja kuzifuata wenyewe."

"Unanifukuza mimi? Mwanao?"

"Wewe ndiye mwanangu. Wa kukufukuza ni mimi. Nilichelewa."

Fundi alimsogelea mkewe hatua moja. Kinyozi naye akasogea, na mwenye nusu kichwa, na yule mwanamke mwenye duka, ambaye alikuwa ameokota spana kubwa na kuishika kama anayejua matumizi yake. Fundi akaangalia nyuso hizo, akabeba mfuko wake wa vyombo, akaupiga teke mlango wa friji, akaenda. Kinyozi alibaki barabarani anamtazama mpaka alipokata kona. Mimi nilikuwa tayari namwambia mshauri kwenye simu afike na gari, na aje na mtu wa kubadilisha kufuli, maana wa namna ile hurudi.

Mama alirudi chumbani. Akamkalisha mke wa mwanawe kitandani kwake, akalowesha kitambaa kwa maji baridi na kumwekea shavuni. Halafu akakaa, akanitazama.

"Tumalize. Ulikuwa umefika wapi?"

"Mama, si lazima leo."

"Ulikuwa umefika wapi?"

Nikafungua tableti. Kila kitu kilikuwa palepale nilipokiacha. Nyumba moja, mwanamke mmoja, mjane. Miezi kumi na miwili iliyopita, hakuna tukio lolote. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyoingia kwenye hesabu, na mpaka leo imo hivyo. Aliyesema ndiyo mbele ya barabara nzima hayumo.

Nikasoma swali la mwisho. "Tumeongea mambo mengi magumu. Baada ya kuongea, unajisikiaje: vizuri, vibaya, au vilevile kama mwanzo?"

Niliyemhoji alimtazama aliyekaa kando yake, ambaye alikuwa ameshika kitambaa shavuni na hajamtazama yeye bado.

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana. Andika hivyo hivyo, usinipambie."

Nikaandika. Nikatoa kadi, nikamkabidhi. Aliikunjua, akazisoma namba polepole, midomo ikicheza, akaikunja tena. Kisha akanyoosha mkono kwangu mara ya pili.

"Lete na ya mwenzangu."